Nilisema Salama Nikiwa Juu ya Ngazi

"Umemaliza, baba?"

Mama alikuwa amesimama chini, mkono mmoja ameshika mguu wa ngazi, kanga kaitupia kichwani kwa sababu ya manyunyu. Ilikuwa Jumapili, tarehe 5 Mei 2024, siku moja baada ya kile kimbunga. Nilikuwa nimefika Lindi asubuhi ile kutoka Mtwara, na baada ya shikamoo kitu cha kwanza nilichokifanya ni kwenda kuazima ngazi kwa jirani. Sasa nilikuwa nimelalia kifua kwenye bati la baraza, nakagua misumari ya ukingo mmoja baada ya mwingine.

"Nimemaliza. Nyumba iko salama."

"Na uani?"

Niligeuza shingo. Kutoka pale juu niliona paa la banda la uani, mabati ya zamani yenye kutu, yote yako mahali pake. Hata mawe aliyoyapanga marehemu baba juu yake yalikuwa hayajasogea.

"Uani nako salama."

Siku tisa baadaye, Jumanne alasiri, ukuta wa banda lile ulilala chini.

Hakuna aliyeumia. Nalisema mapema ili usisome huku moyo uko juu. Mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tatu, ndiye anayelala mle, na saa ile alikuwa madrasa. Ukuta uliangukia ndani. Udongo ulifika hadi katikati ya kitanda chake.

Wiki ya sita sasa, na neno lile bado linanirudia.

## Tulichokuwa tunakiogopa

Mambo ya siku zile mnayajua. Matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, simu zisizokatika, wavuvi kuambiwa wasitoke, kimbunga kutua Mafia Jumamosi tarehe 4, barabara ya Dar es Salaam kukatika kule Somanga. Mtaani kwetu wengi hawakulitaja jina lake. Hidaya ni jina la watoto wa watu, jirani yetu anaye binti wa jina hilo, kwa hiyo ilibaki "kile kimbunga" tu.

Ninachotaka kukisema ni kwamba sote tulikuwa tunaogopa upepo. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilipokuja, kule Mtwara shule zilifungwa na watu wa mabondeni wakaambiwa wahame, halafu kikashukia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Tulipona, lakini hofu ilibaki imesimama mlangoni. Na Lindi ina ya kwake ya zamani zaidi: kimbunga cha Aprili 1952, kilichoupiga mji wenyewe. Mama hakuwa amezaliwa. Dada yake mkubwa alikuwapo, na alipokuwa hai alikuwa akitusimulia sauti ya bati likiburuzwa barabarani gizani. Akifika hapo hushusha sauti, kana kwamba lile bati bado linapita.

Nimekua na bati lile masikioni. Kwa hiyo nilipoingia uwanjani kwa Mama, macho yangu yalikwenda juu, na yakabaki juu.

## Paa nililikagua vizuri

Sitaki kujidhulumu: kazi ya paa niliifanya sawasawa, na nitaieleza kwa sababu mwakani kuna atakayeihitaji.

Upepo mkali haulisukumi paa kwa ubavu tu. Unapopita juu yake unalivuta kwenda juu, na ukipata njia ya kuingia chini ya ukingo au kwenye dirisha lililovunjika, unalisukuma kutoka ndani. Nguvu hizo mbili huanza kulishinda paa pembeni: kwenye ncha za baraza, kwenye kona, na kwenye kofia pale juu. Ukiwa na muda mfupi, anza na sehemu hizo. Tazama kichwa cha msumari kama kimeinuka. Tazama tundu lake: likiwa la mviringo bati halikucheza, likiwa limerefuka kama jicho, bati lilikuwa linapigapiga usiku kucha na msumari ule haushiki tena hata ukiugonga. Hamisha mahali, tafuta mbao nzima.

Kisha ingia ndani mchana wa jua. Kwetu Mama hana dari isipokuwa chumba cha mbele. Funga mlango na madirisha, simama kimya hadi macho yazoee giza, halafu tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Nilihesabu 7. Kwenye chumba chenye dari nilitafuta doa la rangi ya chai, na kulikuwa na moja, la zamani.

Nilikuta misumari 2 ya baraza imeinuka, na kofia imesogea upana wa kidole. Nilivirekebisha palepale. Kabla ya hayo yote nilikuwa nimezima swichi kubwa ya umeme, kwa sababu ukuta wa jikoni ulikuwa na unyevu karibu na soketi, na umeme na ukuta uliolowa si vitu vya kujaribu kwa mkono.

Nilishuka nikiwa na furaha ya mtu aliyetimiza wajibu.

## Gunia

Tukakaa kunywa chai. Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo dogo:

"Usiku ule nilisikia kitu uani. Kama mtu anateremsha gunia taratibu."

Nikamjibu, "Ni upepo, Mama."

Akanyamaza. Akanimiminia kikombe cha pili.

Kwa wiki hizi zote nimekuwa nikilirudia jibu langu. Sikusema kwa dharau, Mama anajua. Nilisema kwa mapenzi, kama anavyosema mtoto anayetaka mzazi wake alale. Lakini upepo hauteremshi gunia. Mama ameishi kwenye nyumba ile miaka zaidi ya 40. Anajua kila mlio wake: bati likipoa jioni, panya juu ya mtambaapanya, embe likidondoka. Akiniambia kulikuwa na mlio asioujua, alikuwa ananipa habari ambayo hakuna ngazi ingeweza kunipa.

Na kuna jambo jingine, gumu zaidi kuandika. Siku ile ilikuwa Jumapili. Jumatatu nilitakiwa kazini Mtwara. Nilikuwa naangalia saa. Nilihitaji neno la kuondokea, na neno lililokuwapo lilikuwa salama.

## Mjomba hakutazama juu

Mjomba wetu, kaka yake Mama, alikuja kutoka Mingoyo Jumamosi ya tarehe 18. Amejenga nyumba za miti na udongo tangu ujana wake, na kwetu kusini mjomba akija kwa jambo la nyumba ya dada yake, hakuna anayemuuliza nani kakuita. Alivua viatu. Hakuomba ngazi. Alikaa chini pale uani, kwenye udongo mkavu, karibu na kuta tatu zilizobaki, akamwita mtoto.

"Usiku ule wewe ulilala hapa?"

"Ndiyo, babu."

"Kitanda kilikuwa wapi?"

Mtoto akaonyesha: kimegusa ukuta ule ulioanguka.

"Na siku ulipoanguka?"

"Nilikuwa nimekivuta huku kidogo. Ukuta ulikuwa unatoka jasho. Shuka lilikuwa linalowa."

"Ulikivuta lini?"

"Siku kama tatu kabla."

"Mbona hukumwambia bibi?"

Mtoto akanitazama mimi, halafu akatazama chini.

"Mjomba alishasema salama."

Mjomba wake ni mimi.

Sijui kama mtu asiyetoka kwetu anaweza kuelewa neno hilo lilivyonikaa. Kwetu mjomba ndiye anayeulizwa. Baba anaweza kuwa mbali, anaweza kuwa ameoa kwingine, lakini mtoto wa dada yako ni wako. Yule mtoto alikuwa na ushahidi wa ukuta kwenye shuka lake, usiku baada ya usiku, na aliuweka kando kwa sababu neno langu lilikuwa kubwa kuliko shuka lililolowa.

## Ukuta haufi siku ya mvua

Baada ya hapo Mjomba alianza kazi, na mimi nikafuata nyuma kama mwanafunzi.

Alichukua kipande cha nondo akakichomeka kwenye kitako cha ukuta, kwa nguvu ya mkono tu, kila hatua moja. Penye udongo mkavu nondo iliingia ukucha mmoja. Upande wa kivulini iliingia hadi kidole kizima, na ikatoka na udongo umeshika kama ugali. Kisha alifunga jiwe kwenye uzi, timazi yake, akaining'iniza kutoka juu ya ukuta. Chini na juu uzi uligusa, katikati ukuta ulikuwa umeusukuma nje. "Umefanya tumbo," alisema. Akafukua kidogo kwenye mguu wa nguzo, akaukwangua kwa kisu. Juu ya ardhi mti ulikuwa mgumu. Pale hewa inapokutana na udongo, ukakatika kama muhogo uliochemka.

Nilimuuliza kilichokuwa kinaniumiza kichwa: kwa nini siku tisa? Mvua ilikuwa imekatika. Jua lilikuwa limewaka wiki nzima.

Udongo wa ukuta, alinieleza, unashika kwa sababu ni mkavu. Ukilowa kitako, uzito wote wa juu unakalia uji. Wakati mvua inanyesha ukuta wote umevimba, umekumbatia fito, unasimama. Jua likija linakausha ngozi ya nje kwanza. Ngozi inasinyaa, inaachia fito, inapasuka, na ndani bado kumelowa. Ule mlio wa gunia ulikuwa tabaka la chini likikaa. Kilichofuata ni kungoja tu. Masika yote ya 2024 ardhi ilikuwa imeshashiba, kwa ile mvua ya El Niño iliyoanza tangu mwishoni mwa 2023 na kuendelea hadi Rufiji ikafurika. Kimbunga kilikuta udongo usioweza kunywa tena.

Kisha akainuka, akatembea hadi kwenye kichochoro kati ya nyumba kubwa na banda, akatazama juu kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Paa hili nani kaezeka?"

Ni mimi. Mwaka 2021 nilibadilisha bati za nyumba kubwa. Nilinunua geji 28, nikatoa zile nyembamba, nikaongeza upana wa paa upande wa uani ili Mama apate kivuli cha kuchambulia mchele. Gata sikuweka. Fedha ilikuwa imeisha, na nilijiambia nitaweka mwaka unaofuata.

Mjomba alinyoosha fimbo kutoka ncha ya bati langu jipya kwenda chini. Pale ilipoelekea, ardhini, palikuwa na mfereji wenye kina cha kiganja, umechimbwa na matone. Kutoka mfereji hadi kitako cha ukuta ulioanguka ilikuwa hatua moja fupi.

"Maji ya bati lako yamekuwa yanashukia hapa masika tatu."

Hakusema zaidi. Akaenda kunawa.

## Nimejaribu kujitetea

Nimejaribu, kwenye kiti cha basi la kurudi Mtwara na usiku kitandani. Bila paa lile jipya huenda nyumba kubwa ingeezuliwa. Banda lilikuwa la zamani, nguzo zilikuwa zimeoza kabla yangu. Na je, kama ningesema siku ile kwamba banda si salama, mtoto angelala wapi? Chumba cha mbele wanalala dada na wadogo zake wawili. Kusema nyumba si salama ni rahisi kwa mwenye nyumba nyingine. Kwa wengi wetu ni kusema jambo ambalo halina pa kulipeleka, na nadhani ndiyo maana tunalikwepa neno hilo hata macho yanapoliona.

Lakini baada ya ukuta kuanguka mtoto alihamia barazani kwa jirani, usiku huohuo, na hakuna aliyelalamika. Pa kulala palikuwapo. Nilichokosa ni kuuliza.

Kuna mtu alipita mtaani kuandika nyumba zilizoathirika. Swali lake lilikuwa moja: paa limeezuliwa? Letu lilikuwa zima, hatukuandikwa, na nilimwona ana haki, kwa sababu hata mimi mwenye nyumba nilikuwa nimeliuliza swali hilohilo. Sasa najiuliza ni nyumba ngapi za udongo, Lindi, Mtama, huko Newala na Tandahimba, zilihesabiwa kuwa nzima wiki ile na zikakaa chini baadaye, moja moja, kwenye siku ya jua ambayo hakuna mtu anayepita na daftari.

## Penseli

Kuta tatu za banda Mjomba alizibomoa mwenyewe, siku ileile, kwa kamba, watoto wakiwa wamesogezwa mbali. Hakutaka ziamue zenyewe. Choo cha shimo alikizunguka kwa mbali kwanza, akiigonga ardhi na fimbo, kwa sababu shimo lisilojengewa kwenye mchanga linaweza kuliwa kwa chini huku juu panaonekana pazuri. Kilikuwa kizima. Maji ya kisima cha jirani tukakubaliana yawe yanachemshwa hadi kisima kitulie.

Halafu tukaingia nyumba kubwa, ya matofali, ile niliyoikagua mimi.

Alinifundisha kusoma nyufa. Ufa wa kulala chini kidogo ya mtambaapanya maana yake paa lilijaribu kuondoka na likauvuta ukuta. Hatukuukuta. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha mara nyingi maana yake msingi umesogea upande mmoja. Huo tuliukuta, chumba cha mbele, umepanda kutoka kona ya juu ya dirisha kuelekea darini, upana wa kuingiza ukucha. Niliuona tarehe 5 pia. Nilidhani ni plasta.

"Ni wa zamani au mpya?" nilimuuliza.

"Muulize dada."

Mama alisema ulikuwapo tangu mwaka juzi, ila ulikuwa mfupi. Akaweka kidole pale anapokumbuka ulikomea. Kutoka kwenye kidole chake hadi kwenye ncha ya ufa palikuwa na shubiri moja.

Mjomba akaniambia nitoe penseli. Nikachora mstari mdogo kwenye ncha ya ufa, nikaandika pembeni yake 18/5. Ufa uliotulia, alisema, unaweza kuzeeka nao. Unaotembea ndio wa kutafutia fundi na fedha. Lakini kwa kuutazama siku moja huwezi kujua ni upi.

Nyuma ya nyumba nikafunga gata, safari hii kabla ya kurudi Mtwara. Jumatatu nilifika kazini nimechelewa, nikaeleza sababu, na dunia haikuanguka.

## Idi

Nilirudi Lindi kwa sikukuu ya kuchinja. Kusi lilikuwa limeshakaza, anga safi, uwanja mkavu, na pale palipokuwa na banda kumebaki msingi mdogo wa mawe na bibi na mjukuu wameotesha mchicha. Mtoto alinipokea mkoba. Nilimwomba msamaha, kwa maneno, yeye na mimi tu, na alitikisa kichwa haraka kama watoto wanavyofanya wanapotaka mkubwa aache.

Nilipoingia chumba cha mbele niliwasha taa nikautazama ufa.

Mstari wangu wa penseli ulikuwapo, na tarehe yake. Lakini pembeni yake kulikuwa na mistari mingine 4, minene, ya mkaa. Sikuiandika mimi.

"Ni yangu," Mama alisema kutoka mlangoni. "Kila Ijumaa nikitoka kuswali naangalia."

Mistari mitatu ilikuwa imelingana na wangu. Wa nne ulikuwa juu kidogo, nusu ya upana wa kidole.

"Huo wa juu," alisema, "ni wa Ijumaa hii iliyopita. Na kabla yake kulikuwa na mlio."

Nilizima taa niliyoiwasha, nikafungua dirisha tupate mwanga wa jua. Nikavua viatu. Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, nikamwomba na yeye akae.

"Mlio gani, Mama? Ulianza saa ngapi?"

Akaikunja kanga yake, akakaa, akawaza.

"Ilikuwa kabla ya alfajiri," akaanza. "Jogoo wa jirani alikuwa bado."